Dawa ya kisukari huuma palepale inapofanya kazi

*Kwa wagonjwa wengi zote ni "dawa ya sukari" tu. Lakini moja hutuliza ini, nyingine hukamua kongosho, nyingine humwaga sukari kwenye mkojo, na kila moja ina namna yake ya kumgeuka anayeimeza.*

KIGHARE, USANGI. Mezani kuna bahasha mbili ndogo za dawa. Ndani ya kila moja kuna vidonge vyeupe vya mviringo. Juu ya ya kwanza pameandikwa kwa kalamu "1 x 2", juu ya ya pili "1 x 1". Jina la dawa halipo. Mwenye bahasha, mama aliyekwisha kuvuka miaka 60, hutofautisha kwa ukubwa: kuna kile kikubwa na kuna kile kidogo.

Asubuhi amemeza vyote viwili, maana aliambiwa asiruke hata siku moja. Kisha akawahi shambani kabla ya mvua, chai akaiacha mezani. Saa tano anakutwa amekaa chini ya mgomba, shingo imelowa jasho, mikono inatetemeka, salamu anaijibu kwa maneno yasiyoeleweka. Wa kwanza kumwona anasema ni malaria. Wa pili anauliza kama kuna mahali palipikwa dengelua, pombe ya miwa, jana.

Mama huyu hana jina kwenye makala haya kwa sababu ni wengi. Muuguzi yeyote aliyewahi kukaa zamu kwenye kliniki ya kisukari anamfahamu. Kilichomwangusha ni kile kidonge kidogo. Kile kikubwa, kikiwa peke yake, kisingeweza, na tofauti hiyo haikuandikwa popote kwenye bahasha.

Ugonjwa uliopanda mlima

Kighare ni kata ya Usangi, wilayani Mwanga, kwenye milima ya Upare Kaskazini, jirani na msitu wa Kindoroko. Hospitali ipo hapo hapo Usangi. Anayehitaji bingwa hushuka Mwanga kwa barabara ya kona nyingi, kisha hushika njia ya Moshi hadi KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.

Zamani kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wa mjini. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao, waliopima zaidi ya watu 6,000 wenye miaka 15 na kuendelea katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulipima watu wa miaka 25 hadi 64 na kukuta asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa haukuwa mmoja, kwa hiyo mtu asizilinganishe namba hizo kama kilo mbili za mchele. Hata hivyo, mwelekeo wake haufichiki.

Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwapo tangu 1985, na kliniki zimeongezeka. Kilichobaki nyuma ni maelezo. Mgonjwa anapewa dawa kwa dakika chache dirishani, anaambiwa asubuhi na jioni, anaondoka. Hajui dawa inakwenda kufanya kazi wapi mwilini, kwa hiyo hawezi kujua itamuuma wapi. Mara nyingi mambo hayo mawili hukaa mahali pamoja.

Kile kikubwa

Tuanze na metformini, kidonge ambacho karibu kila mwenye kisukari aina ya pili huanzishiwa.

Ini la binadamu lina kazi ambayo Mpare anaielewa bila kuchorewa: ni ndiva. Lile bwawa la jadi hujazwa usiku na kufunguliwa mchana ili maji yashuke mifereji hadi mashambani. Ini nalo hujaza sukari mtu anapokula, kisha huifungulia kidogo kidogo akiwa amelala au akiwa na njaa, ubongo usikose chakula. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, mlango wa ndiva hii haufungi sawasawa. Ndiyo maana mtu analala bila kula kitu na bado anaamka sukari ikiwa milimoli 12 kwa lita.

Metformini hubana mlango huo, na huisaidia misuli kupokea insulini vizuri zaidi. Haigusi kongosho kwa nguvu. Kwa sababu hiyo ikitumiwa peke yake ni nadra sana kuangusha sukari kupita kiasi, hata kama mtu hajala.

Maudhi yake yako tumboni. Dawa hujikusanya kwa wingi kwenye utumbo kabla ya kufika kwenye ini, na huko huleta kuhara, gesi, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Hili si jambo dogo kwa mtu wa milimani. Mwenye safari ya basi hadi Moshi hataki kushikwa na tumbo kwenye kona za Kikweni, kwa hiyo siku ya safari anairuka. Siku ya harusi anairuka. Siku ya mazishi anairuka. Mwisho wa mwezi bahasha bado ina nusu, na kliniki wanaongeza dozi wakidhani dawa haikufaa.

Dawa ya maudhi hayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kuanza na kidonge kimoja cha miligramu 500 katikati ya chakula, si kabla. Kupandisha dozi polepole kila wiki. Na kuvumilia wiki chache za mwanzo, maana wengi hutulia. Ipo pia metformini inayoyeyuka taratibu, ambayo tumbo huipokea vizuri zaidi.

> Mgonjwa hajui dawa inakwenda kufanya kazi wapi, kwa hiyo hawezi kujua itamuuma wapi.

Yapo mambo mawili yanayokuja bila kelele. La kwanza ni upungufu wa vitamini B12 kwa waliotumia miaka mingi. Dalili yake ni ganzi na kuwaka moto miguuni, na kwa kuwa kisukari chenyewe huleta ganzi hiyohiyo, mtu anaweza kutibiwa kisukari miaka mitano huku mwili unadai vitamini tu. La pili ni figo. Metformini hutoka mwilini kupitia figo; zikiwa zimechoka sana, dawa hurundikana na damu inaweza kujaa asidi. Ni nadra, lakini huua. Ndugu yake metformini, fenformini, iliondolewa kwenye soko la nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Mtu anayetapika na kuhara kiasi cha kuishiwa maji anapaswa kuisimamisha kwa muda na kwenda hospitali.

Pamoja na yote hayo, hakuna kidonge cha kisukari chenye historia safi kama hii. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 1998, wagonjwa wenye uzito mkubwa waliopewa metformini walipunguza vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 42, wakilinganishwa na waliotegemea zaidi mpango wa chakula. Anayeitupa kwa sababu ya tumbo la wiki mbili anatupa kitu kikubwa.

Kile kidogo

Jamii ya pili ilianza kuonekana kama madhara kabla ya kuwa tiba. Mwaka 1942, mjini Montpellier, Ufaransa ikiwa vitani, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa. Baadhi walianza kutetemeka, wakapata degedege, wakazimia. Wapo waliokufa. Sukari yao ilikuwa imeporomoka. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaichunguza dawa hiyo kwa mbwa na kuonesha kwamba bila kongosho haifanyi kitu: ilikuwa inaisukuma kongosho itoe insulini.

Kutokana na ajali ile zikaja dawa za jamii ya salfonilurea. Huku kwetu maarufu zaidi ni glibenklamidi, ambayo wazee wengi bado wanaiita Daonil, jina la kibiashara. Nyingine ni glimepiridi na gliklazidi.

Kwa kawaida chembe za kongosho zinazotengeneza insulini husubiri sukari ipande ndipo zifanye kazi. Dawa hizi hufunga vitundu vya potasiamu kwenye ukuta wa chembe hizo, na chembe humwaga insulini hata kama mtu hajala tangu jana. Kongosho haiulizi tena kama kuna chakula. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: hushusha sukari haraka, na kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Hapo hapo ndipo hatari yake. Mtu huongezeka uzito pia, maana insulini ni homoni ya kuweka akiba.

Glibenklamidi ina tatizo la ziada. Ini likishaivunja, mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, nayo hutolewa kwa msaada wa figo. Mzee wa miaka 70, ambaye figo zake zimepungua kasi bila yeye kujua, anaweza kumeza kidonge Jumatatu na kuendelea kushuka sukari hadi Jumanne. Ukimpa soda akapata nafuu, saa tatu baadaye anaweza kushuka tena.

Na dengelua? Pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya. Glasi kadhaa za pombe ya miwa bila chakula, juu ya glibenklamidi, na mtu analala usingizi ambao majirani wataupita wakisema amelewa. Pombe nyingi haipatani na metformini pia, kwa sababu ya ile asidi.

> Sukari ikishuka chini ya 4, au dalili zikionekana na hakuna kipimo: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Wanaotaka kibaki, wanaotaka kitoke

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka gliklazidi mahali pa glibenklamidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hoja kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliovuka miaka 60. Gliklazidi hufanya kazi kwa njia ileile, lakini mabaki yake hayana nguvu ya kuendelea kuangusha sukari. Zaidi ya muongo umepita, na glibenklamidi bado inauzwa na kugawiwa Afrika Mashariki.

Wanaoitetea wana hoja, wala si za kijinga. Ni rahisi, inapatikana, imezoeleka, na ule utafiti wa Uingereza ulionesha kwamba kushusha sukari kwa dawa za jamii yake au kwa insulini kulipunguza madhara ya macho na figo. Mgonjwa anayekosa dawa kabisa kwa kuwa iliyo bora haipo dirishani hajasaidiwa na orodha ya Geneva. Heri kidonge kilichopo.

Upande wa pili unauliza: nani anahesabu wanaoanguka? Mtu aliyekufa usiku nyumbani Kighare, aliyekuwa na miaka 74 na kisukari, huandikwa amekufa kwa kisukari. Hakuna anayeandika kwamba kilichomuua ni dawa ya kisukari pamoja na chakula cha jioni alichokosa.

Mwandishi wa makala haya anasimama upande wa pili. Kwa kijana wa miaka 45 mwenye figo nzima na milo mitatu, glibenklamidi inaweza kuendelea bila kelele. Kwa mzee anayeishi peke yake mlimani, watoto wako Dar es Salaam, na usiku gari la kumpeleka hospitali ni la kuomba kwa simu, ni dawa ya kuepukwa. Na kama haikwepeki, basi dozi iwe ndogo na sheria iwe moja: hujala, usimeze. Sheria hiyo inapingana waziwazi na ile ya "usiruke hata siku moja", ambayo ni sahihi kwa metformini na ni hatari kwa mwenzake. Kuzisemea dawa zote mbili kwa sentensi moja dirishani ndiko kunakowaangusha watu.

Daku na futari

Usangi msikiti na usharika wa Kilutheri ni majirani, na Ramadhani ikiingia kliniki hupata swali lake. Utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, uliofanyika mwaka 2001 na kuchapishwa 2004, ulionesha kwamba kwa wenye kisukari aina ya pili, kushuka sana kwa sukari kuliongezeka mara 7.5 wakati wa mfungo ukilinganisha na kabla yake.

Hilo halimaanishi kila mgonjwa ale mchana. Anayetumia metformini peke yake mara nyingi huhitaji tu kupangiwa saa upya, dozi kubwa ikahamia futari. Anayetumia salfonilurea anapaswa kumwona daktari kabla ya mwezi kuandama: kidonge cha asubuhi hakiwezi kumezwa pamoja na daku kisha mtu akakaa hadi magharibi kama vile hakuna kilichobadilika. Na sukari ikishuka mfungo unavunjwa, saa yoyote iwayo. Masheikh na madaktari hawana ugomvi hapo.

Za mjini

Kwa anayeshuka Moshi akiwa na bima au mfuko mzito, orodha ni ndefu. Baadhi ya dawa hizo tutazipita haraka. Akabosi huzuia wanga kusagwa mapema. Wanga usiosagwa huchacha kwenye utumbo wa chini, na mtu hujaa gesi, hasa aliyekula makande. Pioglitazoni huufanya mwili uisikie insulini, lakini hushikilia chumvi na maji: miguu huvimba, na mwenye moyo dhaifu anaweza kuzidiwa, mifupa nayo hulegea. Sitagliptini na vildagliptini hulinda homoni za utumbo zinazoiambia kongosho kwamba chakula kimeingia. Ni dawa za upole, haziangushi zikiwa peke yake, na nguvu yake ni ya kiasi.

Zinazobadilisha mambo ni mbili.

Ya kwanza ni ya figo. Karne ya 19, mwaka 1835, wanakemia walipata kwenye ganda la mti wa tofaa kitu kinachoitwa florizini, ambacho baadaye kilionekana kumwaga sukari kwenye mkojo. Watoto wake wa leo ni empagliflozini na dapagliflozini. Figo huchuja sukari kisha huirudisha kwenye damu. Dawa hizi huziba njia ya kurudisha. Sukari inatoka chooni. Mwaka 2015 utafiti wa wagonjwa 7,020 wenye kisukari na maradhi ya moyo ulionesha kwamba empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38, na WHO ikaiingiza kwenye orodha yake mwaka 2021.

Maudhi yake mtu angeweza kuyatabiri akiwa amekaa. Mkojo wenye sukari hulisha fangasi sehemu za siri, kwa wanawake zaidi, na wengi huona aibu kusema hadi hali iwe mbaya. Mkojo mwingi hupunguza maji; anayelima tambarare ya Mwanga, kwenye jua la kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, lazima anywe maji kuliko wa Kighare kwenye ukungu. Lisilotabirika ni hili: damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikionesha namba nzuri. Anayetapika, anayefunga kula kwa muda mrefu au anayengoja upasuaji huisimamisha.

Ya pili ni sindano ya semaglutidi na jamaa zake, ambazo dunia imezijua kwa kupunguza unene. Zilifunguliwa njia na mjusi wa sumu wa jangwa la Marekani: mtafiti John Eng alipata kwenye mate ya mjusi huyo kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wa binadamu, na mwaka 2005 dawa ya kwanza ya aina hiyo, eksenatidi, ikaidhinishwa. Huchelewesha tumbo kumwaga chakula na kuuambia ubongo umeshiba. Kwa hiyo maudhi yake ni kichefuchefu, kutapika na kufunga choo, na kwa wachache mawe kwenye nyongo au kongosho kuvimba. Septemba 2025 WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari aina ya pili walio pia na unene na maradhi ya moyo au figo. Kuwa kwenye orodha ni jambo moja, kuwa kwenye rafu ya Usangi ni jambo jingine. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic (semaglutidi) bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Anayetumiwa kalamu ya sindano na rafiki wa rafiki kupitia simu ana sababu ya kusita.

Mti, kikombe na unga usio na jina

Hakuna kliniki ya kisukari Upareni ambayo haishindani na mlonge, mdalasini na tangawizi ya Mamba Miamba. Ugomvi wenyewe una kichekesho ndani yake, kwa sababu metformini ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na daktari Jean Sterne wa Paris ndiye aliyeiandika kama tiba ya kisukari mwaka 1957. Mti haujawahi kuwa adui wa kidonge. Kinachotofautiana ni kipimo: mtu anajua kidonge kina miligramu 500, na hakuna anayejua gilasi ya majani ina nini leo na itakuwa na nini kesho.

Watanzania walilipa bei ya somo hilo mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, aligawa kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Magari yalipanga foleni kwa kilomita. Waliorudi wakaweka dawa zao kando waliona sukari ikirudi palepale ilipokuwa.

Hatari ya pili ni kinyume chake: "dawa ya asili" inayofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2008 nchini Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari. Wengi wao walikuwa wanaume waliomeza dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizochanganywa kwa siri na glibenklamidi. Wanne walikufa. Unga wowote usio na jina unaoshusha sukari kwa kasi ndani ya siku mbili unastahili kutiliwa shaka kwa sababu umefanya kazi.

Sindano

Huku mtaani insulini inasemwa kama hukumu: ukianza sindano umefika mwisho. Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza ni kinyume kabisa. Bila sindano hana mwezi. Januari 1922 mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alikuwa wa kwanza kuchomwa, na wagunduzi waliuza hataza yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi yake kwa mtoto huyo, wala mti. Tanzania imo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children unaowapa watoto hao insulini bila malipo.

Kwa mtu mzima wa aina ya pili, sindano huja kongosho inapochoka baada ya miaka. Wengi hufika wakiwa wamechelewa kwa hofu, na madhara wanayoyapata ya macho au miguu wanaihesabia sindano.

Insulini nayo huuma kwa kazi yake: hushusha sukari, kwa hiyo inaweza kuishusha mno, na huongeza uzito. Anayechoma sehemu ileile kila siku hupata uvimbe mgumu chini ya ngozi, na dawa ikiingia hapo haijulikani itanyonywa lini. Inabidi kuhama: tumbo kulia, tumbo kushoto, paja.

Halafu joto. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Nyumba isiyo na friji haijakosa njia. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo kutokana na joto lililopimwa kwenye nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, huko Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Kighare ni baridi kuliko Dadaab kwa mbali. Chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa hupoza zaidi.

Gumu kuliko friji ni kupima. Anayejichoma bila kupima anaongeza na kupunguza dozi kwa kukisia, na kukisia insulini ni kubahatisha na fahamu zako. Mashine ya kupima hununuliwa mara moja, lakini vijiti vyake huisha kila mara, na kijiti cha mashine moja hakiingii kwenye nyingine. Kwa hiyo mzee anayeletewa mashine na mwanawe kutoka Dar es Salaam amuulize kwanza kama vijiti vya aina hiyo vinauzwa Mwanga.